Hodi ya Tatu

Gari lilikuwa jeupe, na karakana nzima ililiita Bibi Harusi. Si kwa weupe wake tu. Kila lilipotakiwa uwanjani watu walijipanga kulisubiri, nalo likachelewa, na lilipoondoka liliondoka limebebwa. Mara mbili ndani ya miezi minne lilirudi nyumbani juu ya mgongo wa lori, na mara zote mbili kilichovunjika kilikuwa giaboksi.

Giaboksi ilikuwa kazi ya Bi Vipimo.

Jina hilo alipewa na mumewe wiki ya kwanza ya ndoa yao, alipomwona akipima dirisha mara tatu kabla ya kukata kitambaa cha pazia, kisha akampima muuza kitambaa kwa jicho lile lile. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa injini, na watu walimwita Bwana Moto. Kwa hiyo katika nyumba ile mume alitengeneza nguvu na mke akatengeneza cha kuibebea nguvu hiyo, na kila chombo kilipovunjika maongezi ya mezani hayakukosa mada.

Injini ya Bibi Harusi ilikuwa na nguvu za farasi mia tisa. Gari la kawaida la kupelekea watoto shule lina mia moja na kidogo. Aliyeliendesha ni dada yake Bwana Moto, yaani wifi yake Bi Vipimo, na humo karakanani hakuwa na jina jingine zaidi ya hilo la Wifi. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa chekechea, akifundisha watoto wa miaka minne kupanga foleni na kupenga kamasi. Jumamosi alivaa kofia ngumu, akajifunga mikanda mitano, akakimbiza chuma mita mia nne kwenye njia ya ndege ya uwanja uliofungwa zamani. Alisema kazi zote mbili zinataka moyo ule ule, ila magari hayaumi.

Wenzake wote uwanjani walitumia gia za mkono. Waliposikia Bibi Harusi lina giaboksi ya otomatiki walicheka hadi wakashikana mabega. "Otomatiki ni ya kwendea sokoni," walisema. Bi Vipimo hakucheka wala hakukasirika. Alimwonyesha Wifi hesabu kwenye karatasi: kila unapobadili gia kwa mkono, injini inaacha kusukuma kwa sehemu ya sekunde, otomatiki iliyojengwa vizuri haiachi. Wifi aliiamini karatasi. Kisha giaboksi ya kwanza ikaunguza klachi, na ya pili ikavunja pampu yake ya mafuta mbele ya watu mia tatu.

Baada ya ile ya pili Bi Vipimo aliifungua, akaitazama siku nzima, akatoa hukumu: "Nguvu zimezidi."

Bwana Moto hakubisha. Alipunguza msukumo wa turbo, farasi mia mbili wakakosekana. "Nimewafungia zizini," alisema, na kila jioni kwa mwezi mzima aliuliza kama ni ruhusa kuwapelekea majani. Kwenye mazoezi, kwa giaboksi ya kuazima, Bibi Harusi lilikimbia salama, bila kuvunjika kitu, kwa sekunde tisa nukta tisa. Shida ni kwamba daraja la juu la mashindano lilitaka sekunde tisa na nusu au chini yake. Asiyezifikia aliteremshwa, na siku ya mwisho ya kuzifikia ilikuwa Jumamosi hii.

Wifi alikuja Jumatatu, akakaa juu ya tairi, akasema la moyoni.

"Wifi yangu, nakupenda, na hilo unalijua. Nikiteremshwa daraja nitateremka, siyo mwisho wa dunia. Lakini sibebwi tena na lori. Wanafunzi wangu wameanza kuchora gari langu na lori lake, wanadhani ni kitu kimoja. Hii ya tatu ikivunjika, natia gia za mkono."

"Ni haki yako," alisema Bi Vipimo.

"Hukasiriki?"

"Nitakasirika ikivunjika. Sasa hivi bado haijafungwa."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini usiku hakulala upande wake wa kawaida wa kitanda. Miaka kumi na sita alikuwa amejenga otomatiki za malori, za magari ya wagonjwa, za mabasi ya shule, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama otomatiki inaweza. Bibi Harusi ndilo gari la kwanza lililomuuliza. Hakutaka jibu litolewe na fundi mwingine.

Giaboksi ya tatu aliijenga peke yake, Jumanne na Jumatano, kwenye meza ya chuma iliyofutwa hadi ukaweza kujiona meno. Klachi ya mbele, iliyokuwa na sahani nne, aliipa sita, baada ya kuchagua sahani za chuma nyembamba zaidi ili zote zienee. Sahani za msuguano alizilaza kwenye mafuta tangu jana yake, kwa sababu sahani kavu huungua siku ya kwanza. Alipima mwanya wa klachi kwa vibamba vya fila: milimita moja na nusu, robo milimita kwa kila sahani. Alifungua, akapima tena. Shafti ya kuingizia mzunguko ilikuwa mpya, ya chuma kigumu kilichokerezwa kwa oda. Pampu mpya. Shinikizo la mafuta alilipandisha kwa nusu. Kila kipimo aliandika kwenye daftari lake la jalada jeusi, tarehe kushoto, namba kulia, na katikati hakuweka maneno kama hayakuhitajika.

Karatasi ilisema giaboksi hii inabeba farasi mia tisa. Lakini itabeba mia saba, na yeye aliona ni vizuri hivyo. Daraja lenye uwezo wa tani kumi likipitishwa tani saba, halimkosei mtu.

Alhamisi asubuhi ilibaki kazi moja: kulitia boga.

Boga ni konveta, lile dude la chuma la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi likiwa limejaa mafuta. Hupokea mzunguko wa injini na kuupitisha kwa giaboksi kupitia hayo mafuta. Kwa umbo ni boga hasa, na kwa uzito ni maboga manne. Huingia kwa hatua tatu: kwanza hukamata shafti, kisha mrija unaoizunguka shafti, mwisho hukamata gia ya pampu, ndani kabisa. Unalizungusha taratibu huku ukilisukuma, na kila linapokamata hutoa mlio mdogo: tak. Mtu akifunga bolti kabla ya mlio wa tatu, boga huisukuma gia ya pampu badala ya kuingia ndani yake, na hapo ama kitu kitapasuka leo, ama kitangoja siku yenye watazamaji.

Mafundi wengine huhesabu moja, mbili, tatu. Karakana hii haikuhesabu hivyo, na sababu ilikuwa Mjomba.

Mjomba alikuwa ndugu wa mama yake Bi Vipimo, na ndiye aliyemfundisha kazi. Sasa alikuwa mtu wa miaka sabini na moja, mikono ikitetemeka kidogo, lakini sikio lake lilikuwa zima. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa giaboksi na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, na akasikia mambo ambayo wengine waliyasikia baada ya kuharibika. "Boga ni mgeni mwenye adabu," alikuwa akisema. "Hupiga hodi tatu. Ukimkaribisha kwa hodi moja au mbili, umemkaribisha barazani, bado hajaingia ndani." Ndipo ikawa kanuni: Mjomba husikiliza, hodi zikitimia tatu husema "Karibu," na bila neno hilo hakuna mkono unaogusa spana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni yuko wapi?"

"Huyu hapa. Usimwangalie usoni, ana aibu."

"Aibu atazitoa uwanjani," alisema Bwana Moto, aliyekuwa ameshika mpini wa jeki ya magurudumu, tayari kuisogeza giaboksi chini ya gari. "Mara ya kwanza alitoa moshi, mara ya pili akatoa mafuta. Safari hii sijui atatoa nini."

"Atatoa sekunde," alisema mkewe. "Nyamaza, Mjomba anasikiliza."

Bi Vipimo alilikumbatia boga, akaliegemeza kwenye shafti, akaanza kulizungusha. Mjomba alikuwa ameinama, bisibisi nyuma ya sikio, macho yamefumbwa kama mtu anayeonja mchuzi.

Tak.

Hodi ya kwanza. Aliendelea kuzungusha. Boga lilisita, likatafuta, likapata.

Tak.

Hodi ya pili. Robo mzunguko. Nusu mzunguko. Hakuna kitu.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Karibu!" akasema Mjomba.

Jeki ikaanza kusogea.

"Ngoja," alisema Bi Vipimo.

Mlangoni alikuwa amesimama Fundi Viti, jirani yao anayeshona viti vya magari, mtu mrefu na mpole, aliyekuwa na adabu hata ukaona tabu. Hakuwahi kuvuka kizingiti cha mtu bila kubisha, na hakuwahi kuvuka kabla ya kujibiwa. Alikuja karibu kila siku saa nne kurudisha mkasi aliouazima au kuazima aliourudisha.

"Naona mna shughuli," alisema Fundi Viti. "Nilikuwa narudisha mkasi."

"Ngoja nini?" aliuliza Bwana Moto. "Mjomba amesema karibu."

"Nimemkaribisha Fundi Viti," alisema Mjomba, akifumbua macho. "Mtu akibisha unamjibu. Ulitaka nikae kimya kama ukuta?"

Bi Vipimo alichukua rula ya chuma, akaipitisha kwenye mdomo wa giaboksi, akapima toka ukingo hadi kwenye masikio ya boga, yale ya kufungia bolti. Milimita kumi na nane. Zilitakiwa ishirini na saba. Alilirudia boga, akalinyanyua kidogo, akalizungusha kwa kurudi nyuma, kisha mbele.

Tak.

Ishirini na saba.

"Karibu," alisema Mjomba, safari hii kwa sauti ndogo, akilitazama boga.

Bwana Moto alicheka, akasema lau mkewe angekuwa kwa fundi cherehani leo, boga lingeachwa barazani. Mjomba akasema ni kweli, na kwamba baada ya kuponea chupuchupu watu hunywa chai. Akamshika Fundi Viti mkono, na wanaume watatu wakatoka kwenda kwenye benchi la nje, mkasi ukiwa bado mkononi mwa mwenye kuurudisha.

Bi Vipimo alibaki na rula. Lile neno "lau angekuwa" lilikuwa limemgusa mahali.

Siku giaboksi ya pili ilipofungwa hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yake kwa daktari wa macho. Alirudi saa nane, akakuta kazi imekwisha, bolti zote zimekazwa, Mjomba anakunywa chai na Fundi Viti.

Na Fundi Viti.

Alikwenda kwenye rafu ya nyuma. Vitu vilivyovunjika havikutupwa kwake. Vililala kwenye trei zenye mafuta mepesi, kila trei na karatasi yake. Alitoa trei iliyoandikwa "Ya pili", akaitoa gia ya pampu, akaifuta kwa kitambaa. Meno mawili ya ndani yalikuwa hayapo. Na usoni, kwenye chuma laini kisichopaswa kuguswa na chochote, kulikuwa na alama mbili zilizojipinda kama mwezi mchanga, zikitazamana. Boga la zamani lilikuwa chini ya rafu. Aliliinua, akaiweka gia kwenye shingo yake, bila kuiingiza ndani, kama mgeni aliyekwama barazani. Ukingo wa shingo ulikaa ndani ya ile miezi miwili bila kupungua wala kuzidi.

Alifungua daftari jeusi, ukurasa wa mwezi uliopita. Mwandiko ulikuwa wake.

"Gia ya pampu: meno mawili yamevunjika. Sahani za klachi: zimeungua. Usoni mwa gia: alama mbili za mviringo, sababu haijulikani."

Na chini yake, imepigiwa mstari: "Chanzo: nguvu kupita kiasi."

Aliusoma ule mstari mara mbili. Mtu anayeandika "sababu haijulikani" na papo hapo akaandika sababu, alikuwa na haraka ya kupata wa kumlaumu. Yeye angemwambia hivyo mwanagenzi yeyote. Ilivyokuwa ni hivi: boga lilifungwa likiwa na hodi mbili, gia ikaminywa ikapata ufa, injini ilipowashwa boga likaingia lenyewe kwa nguvu, na ufa ukangoja Jumamosi. Farasi mia tisa hawakuhusika. Hata farasi mia mbili wangetosha.

Sasa palikuwa na mambo mawili, na aliyapanga mbele yake kama vifaa. La kwanza: akinyamaza, Jumamosi giaboksi yake itabeba farasi mia saba, haitavunjika, Wifi atateremka daraja bila lori, na meza hii itabaki yake. La pili: akisema, mumewe atawafungulia wale mia mbili kabla chai haijapoa, na kitakachosimama kati yake na fundi wa gia za mkono ni hesabu iliyoko kwenye karatasi tu.

Alitazama ule mwanya wa milimita moja na nusu ulivyoandikwa. Aliukagua kichwani kwa dakika nzima akitafuta kasoro. Hakupata. Akachukua ile gia, akatoka nje.

"Mume wangu, weka kikombe chini."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Giaboksi ya pili hukuivunja wewe."

Bwana Moto aliweka kikombe. Akamtazama Mjomba, akamtazama Fundi Viti, kama anayehakikisha kwamba mashahidi wapo.

"Rudia."

"Umesikia."

"Mimi nimesikia. Nataka na jirani asikie, asije mtu akasema nimeota."

Bi Vipimo aliweka gia mezani, akaeleza. Hakupamba. Alipofika kwenye siku ya daktari wa macho, Mjomba alijipiga paja.

"Alibisha!" alisema. "Wallahi alibisha! Nilikuwa nimesikia hodi mbili, huyu akaja na mkasi wake, nikasema karibu. Nikageuka nikaona bolti zinakazwa. Nikajua huyu bwana ameihisi ya tatu kwa mikono."

"Mimi nikajua wewe umeisikia kwa masikio," alisema Bwana Moto.

"Na mimi," alisema Fundi Viti, uso umemsawijika, "nilijua nimekaribishwa. Jamani, yaani adabu yangu ndiyo iliyovunja gari?"

"Siyo adabu yako, kaka," alisema Bi Vipimo. "Ni neno moja kufanya kazi mbili. Na ni mimi, niliyeona alama nikaandika mengine."

Kisha Bwana Moto akaanza kutikisika mabega.

"Mwezi mzima," alisema, "mwezi mzima nakula nimeinamisha kichwa kama mshtakiwa! Juzi watoto wamevunja sahani jikoni, nikaomba radhi mimi!"

"Nilikuona. Nilishangaa."

"Ungenyamaza, nisingejua."

"Mimi ningejua. Imeandikwa."

Alimtazama mkewe kwa muda. Walikuwa wameishi pamoja miaka ya kutosha, na hakuhitaji karatasi kuona hesabu yote.

"Nikiwafungulia farasi," alisema polepole, "na Jumamosi wakaivunja?"

"Basi nitakuwa nimevunjikiwa kwa kweli, siyo kwa kusingizia."

"Sikufungulii mia tisa kwa ajili ya ubishi, lakini. Sema unataka."

"Nataka. Wafungulie wote."

Simu kwa Wifi ilipigwa papo hapo. Nyuma yake zilisikika kelele kama za kuku waliomwagiwa maji.

"Wifi, una dakika?"

"Nina watoto thelathini na mmoja na makopo sita ya rangi. Sema haraka."

Bi Vipimo akasema haraka. Upande wa pili alisikika mtoto mmoja akilia kwamba kijani chake kimeibwa.

"Kwa hiyo Jumamosi ni mia tisa," alisema Wifi.

"Mia tisa. Na neno lako la Jumatatu liko pale pale. Ikivunjika, tia gia za mkono."

"Silibadilishi. Lakini wifi yangu, mwambie kaka asinipigie kelele ya furaha kwenye simu, nipo darasani." Kwa maana nyuma ya mkewe Bwana Moto alikuwa tayari anaimba.

Jumamosi jua liliwahi. Uwanja ule ulikuwa lami ndefu, nyasi kavu pande zote, mnara wa zamani usio na vioo, na kibanda cha mwenye saa. Bi Vipimo alisimama na daftari. Mjomba alikaa kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti la sikukuu. Fundi Viti naye alikuja, akakataa kukaa, akisema ana deni na gari lile hadi litakapofika.

Taa ikawa kijani. Bibi Harusi liliinua pua, likapiga kelele, likaenda. Injini ilipanda, ikabadili gia bila kusita, ikapanda tena, lakini mwanzoni kabisa, katika mita ishirini za kwanza, sauti ilikuwa imeruka juu ghafla na kushuka. Bi Vipimo aliisikia. Mjomba pia, alivua kofia.

Sekunde tisa nukta saba.

Wifi alirudi akiendesha mwenyewe, jambo lililokuwa habari tayari. Alifungua dirisha.

"Imeteleza!"

Klachi inayoteleza ni klachi inayokufa.

"Nini kimeteleza?"

"Sijui, imeteleza tu, pale mwanzoni!"

"Umesema *i*meteleza. Tairi *li*meteleza. Klachi ndiyo *i*meteleza. Ni ipi?"

"Wifi! Nimetoka mwendo wa kilomita mia mbili na thelathini, unaniuliza ngeli?"

"Wewe si mwalimu?"

"Wa chekechea! Tunaimba tu!"

Kilichobaki ni kwenda kwenye ushahidi. Bi Vipimo alichomoa kijiti cha mafuta cha giaboksi, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, akatazama: rangi nyekundu safi. Akanusa. Mafuta ya klachi iliyoungua hunuka kama mkate uliosahauliwa, na ukishanusa mara moja hutasahau. Haya yalinuka mafuta. Kisha alitembea hadi mwanzo wa njia, akainama. Kwenye lami kulikuwa na mistari miwili myeusi, minene, yenye urefu wa hatua kumi na nane. Klachi ikiteleza, tairi halichori kitu. Aliipima ile mistari kwa hatua kwenda na kurudi, kwa furaha yake mwenyewe.

"*Li*meteleza," alimwambia mumewe. "Mawili. Nguvu zako zinafika chini nzima nzima, barabara ndiyo inazikataa. Punguza upepo wa matairi ya nyuma."

"Unasema nguvu zimezidi?" aliuliza Bwana Moto kwa sauti ya upole mno.

"Punguza upepo."

Mkimbio wa pili ulikuwa saa tano kasoro. Bibi Harusi lilikaa kwenye mstari likinguruma. Bi Vipimo hakutazama taa. Alifumba macho, kama alivyofundishwa. Akaisikia injini ikipanda bila kuruka, kisha gia ya kwanza ikakabidhi kwa ya pili, kisha ya pili kwa ya tatu, na kati yake hapakuwa na pengo la kupitisha hata wembe. Sauti ikawa inakwenda, inakwenda, ikafifia upande wa mnara.

"Nukta tatu nne!" mwenye saa alipiga kelele toka kibandani. "Tisa nukta tatu nne!"

Bwana Moto alimbeba Fundi Viti, ambaye alikuwa mrefu kuliko yeye, kwa hiyo miguu iliburuta. Mjomba alisimama juu ya kiti cha kukunja, kikakunjika. Waliomcheka Wifi kwa otomatiki walikuja kumshika mkono, na mmoja akauliza kwa siri aliyeijenga yuko wapi.

Aliyeijenga alikuwa hajapiga kelele. Alingoja gari lirudi, Wifi ateremke, boneti ifunguliwe. Alichomoa kijiti, akafuta, akatazama, akanusa. Akanusa tena. Ndipo akacheka, kicheko kirefu cha msichana, akamkumbatia wifi yake pamoja na kofia yake ngumu.

Usiku ule aliandika kwenye daftari: "9.34. Mafuta safi." Kisha akarudi ukurasa wa nyuma, akaukata ule mstari wa chanzo, na kando yake akaandika neno moja: "Karibu."

Jumatatu kibao kilitundikwa mlangoni pa karakana, kwa herufi za Wifi, kubwa na za duara kama za ubao wa chekechea: USIPIGE HODI. INGIA TU. Na kanuni ikabadilika: hakuna anayekaza bolti kwa neno, hukaza kwa milimita.

Kwa wateja wengi kibao hakikuwa na taabu. Kwa Fundi Viti kilikuwa msiba. Jumanne saa nne alifika kuazima mkasi, akasoma, akasimama. Kuingia kwa mtu bila hodi hawezi. Kupiga hodi amekatazwa. Akakohoa. Akasugua viatu chini. Akakohoa tena.

Ndani, Bi Vipimo alikuwa amelikumbatia boga la gari la wagonjwa, na Mjomba ameinama na bisibisi nyuma ya sikio. Mjomba alisikia kikohozi, midomo ikamchezacheza, akaikaza kwa vidole viwili.

Tak.

Rula ikashuka. "Ishirini na saba," alisema Bi Vipimo.

"Karibu!" Mjomba alipumua.

Toka mlangoni ikaja sauti ya upole: "Samahanini. Ni mimi, au ni boga?"